Matundu katika tishu zilizogandishwa

SWALI: Ndugu mtaalamu, vipande vya tishu tunavyovigandisha kwa ajili ya uchunguzi wa hadubini huonekana vizuri mwanzoni, lakini baada ya miezi kadhaa katika friza ya nyuzi -20 hujaa matundu. Je, tunakosea wapi?

JIBU: Ndugu msomaji, matundu hayo ni nyayo za fuwele za barafu, na kwa kuwa awali vipande vilikuwa salama, ninaishuku friza kuliko namna mnavyogandisha. Friza inayojiyeyushia barafu hupandisha joto lake mara kwa mara, na hata isipofanya hivyo, katika nyuzi -20 maji ya tishu huendelea kuhama polepole, fuwele ndogo zikipotea na kubwa zikizidi kukua hadi zikaharibu seli. Hamishieni sampuli katika friza ya nyuzi -80, au katika mvuke wa naitrojeni ya kimiminika iwapo zitakaa miaka mingi.

Ukavu nao huharibu, ingawa wengi huusahau. Funikeni uso uliokatwa kwa tabaka jipya la gundi ya kugandishia, kisha fungeni kipande kwa karatasi ya alumini ndani ya mfuko usiopitisha hewa. Kabla ya kukikata, kiacheni katika krayostati, yaani mashine yenye ubaridi ya kukatia tishu zilizogandishwa, hadi kifikie joto la mashine hiyo, kwa maana kikiwa baridi mno hupasuka chini ya kisu. Kilichoyeyuka kisigandishwe tena. Boksi la slaidi zilizogandishwa lisifunguliwe kabla ya kufikia joto la chumba, la sivyo umande utatua juu ya tishu.