Mashine ya kidole na maabara: INR ipi ifuatwe?

SWALI: Mama ana vali ya moyo ya chuma na anameza warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda. Daktari anataka INR yake (kipimo cha jinsi damu inavyochelewa kuganda) iwe kati ya 2.5 na 3.5. Mashine ya nyumbani ilisoma 4.1, lakini damu ya mkononi iliyotolewa saa hiyo hiyo ikapata 3.4 maabara. Mashine imeharibika?
Msomaji, Tanga

JIBU: Si lazima. Hiyo 0.7 ni kama asilimia 20 ya jibu la maabara. Kiwango cha kimataifa cha mashine hizi, ISO 17593 cha mwaka 2007, kilitaka, INR ikiwa kati ya 2.0 na 4.5, vipimo 90 katika kila 100 visipishane na maabara kwa zaidi ya asilimia 30. Kipimo chenu kimo ndani ya hapo, ila kwa mama yako tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama dozi ibaki au ipungue. Fuateni maabara, na daktari aonyeshwe majibu yote mawili.

INR inavyopanda, mashine huzidi kupishana na maabara, mara nyingi kwa kusoma juu. Ikivuka 4.5, damu ya mshipa ipimwe kabla dozi haijaguswa. Akianza kutoka damu, msingoje kipimo: hospitali.

Sasa tazama kidole. Anawe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, akauke kabisa, kwani tone la maji au spiriti huichafua damu. Mkono uning'inie, kisha achomwe pembeni mwa ncha ya kidole. Tone la kwanza liguse kijiti cha kupimia ndani ya sekunde 15. Kukamua kidole kwa nguvu ndilo kosa kubwa: majimaji ya nyama yanayotoka na damu yana vitu vinavyoanzisha kuganda. Tone likiwa dogo usiongeze la pili juu yake, maana la kwanza limeshaanza kuganda. Chukua kijiti kipya na kidole kingine.

Vijiti vya CoaguChek XS, mojawapo ya mashine hizi, huhifadhiwa kati ya nyuzi 2 na 30. Joto la Tanga hupita hapo kwa urahisi, hasa ndani ya gari, kwa hiyo viwekwe kwenye friji, si friza. Namba ya chipu inayochomekwa kwenye mashine ifanane na ya kichupa cha vijiti.

Maabara nayo hukosea. Kichupa cha kifuniko cha bluu kisipojaa hadi mstarini, sitrati, dawa ya kichupani inayozuia damu kuganda, huzidi damu na INR hupanda kwa uongo.

Tofauti ikijirudia kila mara, mwulizeni daktari kuhusu upungufu mkubwa wa damu, na kingamwili za antifosfolipidi, ambazo mwili hujitengenezea dhidi yake wenyewe. Yote mawili huipotosha mashine hata ukipima kwa ustadi gani.

SWALI: Baba anatumia rivaroksabani, dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda. Aazime mashine hiyo?

JIBU: Hapana. INR haipimi nguvu ya dawa hiyo. Namba inaweza kupanda kidogo kwa sababu ya dawa yenyewe, mkaanza kupunguza vidonge bila sababu.