Wasomaji Wanauliza: Tope la mikokoni lina umri gani?

SWALI: Salaam mtaalamu, naandika toka Mtoni Kijichi. Juzi kati walikuja vijana wa chuo pale kwenye mikoko wakasokomeza bomba la plastiki kwenye tope, wakalichomoa na tope lake ndani wakasepa nalo. Kuwauliza wanasema wanapima tope linajaa kwa kasi gani, na wanatumia mionzi. Sasa sisi huku tunakula kaa na kamba wa hapo hapo, hiyo mionzi wametuachia? Afu mbona huku tope linajaa mpaka mitumbwi inakwama maji yakitoka, ila Kunduchi bahari inakula ufukwe? Si wakapime na kule basi. (Baba Rama)

JIBU: Baba Rama ondoa shaka, hawajaacha kitu. Mionzi wanayoisema imo topeni tangu kabla ya Dar kuitwa Mzizima, wao wanakuja kuisoma tu.

Iko hivi. Kwenye udongo na mawe karibu kila mahali kuna urani kidogo kidogo, madini yenye mionzi, nayo inajivunja yenyewe taratibu, inazaa radiamu, yenye mionzi pia, radiamu inazaa gesi ya radoni na baadhi ya hiyo gesi inachomoka ardhini inapaa. Radoni haidumu, nusu yake inaisha ndani ya siku 3.8, na baada ya hatua kadhaa za haraka haraka inatokea risasi-210, yaani madini ya risasi ya aina inayotoa mionzi. Hiyo inashuka na mvua na vumbi, ikifika majini inang'ang'ania chembe za tope, tope linatulia chini, linakuja jingine juu yake na risasi yake mpya, basi lile la chini ndo halipati tena kutoka angani na ile iliyonayo inapungua nusu kila miaka 22 hivi.

Kwa hiyo wale vijana wakifika maabara wanalikata tope vipande vya sentimita moja moja, wanakausha, wanasaga, wanafungia kwenye kikopo wiki tatu na zaidi, kisha kinakaa kwenye mtambo wa kusoma mionzi siku nzima au hata zaidi kwa sababu mionzi yenyewe ni hafifu mno. Tuseme ukishuka sentimita 11 unakuta risasi-210 imebaki nusu ya ile ya juu, maana yake tope lile limejaa sentimita 11 kwa miaka 22, nusu sentimita kwa mwaka. Ila sio ukate tu na kugawanya, tope lenyewe lina radiamu yake inayozalisha risasi-210 humo humo kila siku, lazima uitoe kwanza kwenye hesabu ndo ubaki na ile iliyotoka juu. Unaweza kurudi nyuma miaka mia na kidogo, yaani unaingia mpaka enzi za Mjerumani, zaidi ya hapo imeshakwisha na inabidi utafute kaboni-14, yaani kaboni yenye mionzi inayoisha taratibu zaidi.

Wasumbufu wakubwa ni hao hao kaa wako bana. Wanachimba, minyoo nayo inachimba, tope la juu linakorogwa kama uji na la chini, namba zinakuja zimenyooka hazishuki. Ndo maana mtafiti makini hatosheki na risasi peke yake, anatafuta na sesiamu-137. Hii sio ya asili, ilitokana na majaribio ya mabomu ya nyuklia na iliangukia duniani kwa wingi zaidi mwaka 1963, kwa hiyo ukiikuta unajua tabaka hilo ni la miaka ile. Shida ni kwamba mabomu mengi yalilipuliwa kaskazini ya dunia, huku kusini ya ikweta ilianguka kidogo, na kwenye maji chumvi haishiki tope vizuri. Mimi mtu akiniletea umri wa tope la pwani yetu kwa risasi-210 peke yake nitamuuliza maswali.

Kama ni chakula, liulize hilo tope kuhusu maji taka na metali za viwandani, hapo ndo pa kuogopa. Na uzuri wake vipande vile vile vikishajulikana umri unaweza kuona metali zilianza kuongezeka miaka gani.

Kunduchi sasa. Risasi-210 inashika tope laini, mchanga haiushiki vizuri, alafu ufukwe unageuzwa na mawimbi kila siku, hamna tabaka la kusoma. Kule wanalinganisha picha za zamani za angani na za satelaiti, na waangalie pia mchanga unaochimbwa kwenye mito kama Mbezi na Tegeta, maana huo ndo ungeshuka kuulisha ufukwe.

SWALI: Na mafuriko ya Msimbazi? Lile tope linaloachwa Jangwani linajulikana limetoka wapi? (Msomaji, Kigogo)

JIBU: Kwa kiasi fulani ndio. Miale ya anga za juu inatengeneza berili-7, nayo ni ya mionzi, inashuka na mvua, inakaa juu juu tu ya udongo na nusu yake inaisha kwa siku 53. Tope lenye berili-7 ya kutosha limekwanguliwa juu mashambani na viwanjani, lisilonayo mara nyingi ni kingo za mto zilizobomoka. Ila usichelewe, sampuli ichukuliwe wiki hizo hizo za mvua, ukingoja mpaka kipupwe kiishe utapima hewa.