Flashi ya TB 1 kwa elfu kumi na nane? Achana nayo mkuu, chukua GB 32 ya kweli

Mkuu mleta uzi, umesema una elfu ishirini, uko chuo, unataka flashi ya kubebea kazi za darasani, ya kwenda nayo steshenari, na wikiendi uiwekee muvi na nyimbo za kwenye sabufa. Halafu umeona mtandaoni flashi ya TB 1 kwa elfu kumi na nane, unaletewa mpaka ulipo, unauliza kama ni dili. Si dili. Nina steshenari jirani na chuo, huu mwaka wa saba, flashi za watu zinapita mikononi mwangu kutwa nzima. Na mimi mwenyewe nimeshapigwa kwa mtindo huohuo.

Ilikuwa Kariakoo, Mtaa wa Aggrey. Winga, yaani dalali wa mtaani, akanidaka barabarani, akanipandisha ghorofani kwenye kifremu cha mtu. GB 512, mwili wa chuma, nzito mkononi, boksi lina nailoni yake. Alianzia elfu thelathini, tukavutana mpaka kumi na nane. Wakaichomeka kwenye laptop yao mbele ya macho yangu: 512 hiyo hapo, imeandika. Nikalipa roho kwatu.

Wiki hiyohiyo shemeji yangu akaniomba nimchukulie video za harusi yake kwa mpiga picha, kama GB 60 hivi. Zikaingia zote bila kosa hata moja, na mpiga picha akafuta za kwake apate nafasi ya kazi nyingine. Jioni tumekaa sebuleni, watu na soda zao, nachomeka kwenye TV. Ya kwanza ikacheza, bibi harusi anatoka saluni. Ya pili ikafika katikati ikaganda. Kuanzia ya tatu hakuna iliyofunguka. Majina yapo, ukubwa wa kila faili upo, tarehe zipo, ndani patupu. Za ukumbini hatunazo mpaka leo. Shemeji hajawahi kunitupia neno, na ndicho kinachoniuma zaidi.

Nikaipasua kwa wembe. Ndani nilikuta kipande cha chuma kisicho na kazi yoyote zaidi ya kuongeza uzito, na memori kadi ya simu, ile ndogo kama ukucha, haina jina, imegandishwa kwa gundi. Ya GB 8.

Mchezo wenyewe uko hivi. Ukichomeka flashi, kompyuta haiipimi. Inaiuliza tu "una ukubwa gani?" na chipu inayosimamia hiyo flashi ndiyo inayojibu. Waliotengeneza feki wameiandika upya chipu ijibu 512. Ukibaki ndani ya zile 8 za kweli, mambo safi kabisa, unaweza kukaa nayo miezi unaisifia. Ukizidisha, kuna zinazotupa data kimyakimya, na kuna zinazorudi mwanzo zikaandika juu ya ulichoweka jana. Kwa hiyo kuonyeshwa namba kwenye laptop ya muuzaji hakuthibitishi kitu.

Kinachothibitisha ni kuijaza yote halafu kuisoma yote. Kwenye Windows kuna programu ya bure inaitwa H2testw, haihitaji hata kusakinishwa. Wa Linux na Mac watafute F3. Inaandika mafaili ya GB moja moja mpaka flashi ijae, kisha inayasoma kuona kama yamerudi yalivyoandikwa, mwisho inakwambia ngapi ni nzima na ngapi zimepotea. Flashi ya kawaida inayoandika MB 6 kwa sekunde, GB 32 itakula kama saa moja na nusu kuandika na nusu saa nyingine kusoma. Sasa piga hesabu hiyo kwa TB 1: karibu siku mbili kuandika tu. Nani atakaa siku mbili? Muuzaji analijua hilo vizuri sana.

Kama huna programu, chukua muvi moja, inakili mara nyingi kwa majina tofauti mpaka flashi ijae. Ichomoe, ichomeke tena, kisha fungua ya kwanza, za katikati na ya mwisho. Usiruke hatua ya kuichomoa, maana kompyuta inaweza kukuchezea kile ilichokishikilia kwenye kumbukumbu yake yenyewe ukadhani kinatoka kwenye flashi.

Ila usije ukaenda kumgombeza mtu kwa sababu GB 32 inasoma 29 na kitu, au hata 28. Huo si wizi. Kiwandani GB 1 ni baiti bilioni moja kamili, Windows inahesabu 1,073,741,824, na nafasi kidogo inaliwa na mpangilio wa ndani.

Majina niliyoona yanadumu kwa wateja wangu ni SanDisk, Kingston na Transcend. Lakini jina peke yake halikuokoi, kwa sababu hayohayo ndiyo yanayoigwa. Nenda duka lenye fremu, dai risiti ya EFD (ile ya mashine ya kodi), na kabla hujatoa hela mkubaliane kwamba ukiipima ikakataa unairudisha. Mwenye mzigo halali hababaiki, anayeanza "bosi wewe chukua tu, niamini mimi" muage. Mimi GB 32 napata kwa elfu kumi na tano, saa nyingine kumi na nane. Kwa bajeti yako ndiyo hiyo, usihangaike na 128.

Utaambiwa uchukue USB 3.0, ile yenye ulimi wa bluu na kasi kuliko 2.0 ya zamani. Ni nzuri, lakini chungulia ndani kwanza. Ya kweli ina vibati vinne mbele na vingine vitano nyuma yake. Kuna wajanja wanapaka bluu tu, vibati vinne vilevile. Kwa matumizi uliyotaja, 2.0 inakutosha. Kompyuta za steshenari nyingi, zangu zikiwemo, ni za mtumba na matundu yake ni 2.0, kwa hiyo hata ukija na ya kasi itatembea mwendo wa hapo. Muvi ya karibu GB 4 itachukua dakika kumi na kitu. Weka chai jikoni.

Chukua fupi. Ndefu zinapochomekwa mbele ya kompyuta zinagongwa na magoti, nimeshuhudia tatu zikikatika shingo mwaka huu tu.

Halafu fomati, yaani mfumo ambao flashi inautumia kupanga mafaili. Sabufa nyingi na redio za bajaji zinaelewa FAT32 tu, na FAT32 haipokei faili moja linalofika GB 4. Ndiyo maana muvi inagoma kuingia wakati nafasi iko tele, watu wanakuja kwangu wanasema flashi imekufa. Ukiwa na muvi kubwa, weka exFAT, lakini ujue sabufa inaweza kununa. Mimi ningeiacha FAT32 na kutafuta muvi za saizi ndogo.

Virusi utavipata, hata kwangu japo napigana navyo. Ukikuta mafolda yako yote yamegeuka shotikati, usifomati (kufuta yote na kuipanga upya) kwa hasira. Mara nyingi kazi zako zipo, zimefichwa tu. Usibofye hizo shotikati. Fungua kile kidirisha cheusi cha cmd, andika attrib -h -r -s /s /d E:\*.* (badala ya E weka herufi ya flashi yako), mafolda yatajitokeza, nakili kazi zako pembeni, kisha ndiyo ufomati. Mwaka jana dada mmoja alilia dukani kwangu, ripoti yake ya field ilikuwa humo. Dakika mbili ikarudi. Alininunulia chapati.

Jamaa aliyesema hapo juu kwamba flashi zimepitwa na wakati, tutumie Google Drive, nakubaliana naye nusu. Bando la kupandisha muvi analilipa nani? Ila kwa kazi ya chuo yuko sahihi: flashi ni ya kubebea, siyo ya kutunzia. Hata nzima, ukiitupa kabatini miaka mingi bila kuichomeka, chaji inayoshikilia data inavuja taratibu. Na ikianza kukuambia imejifungia, haikubali kuandikwa, mara nyingi inakata roho, toa vitu vyako haraka. Ripoti jitumie kwenye barua pepe kila unapoihariri.

La mwisho, weka humo faili la maandishi lenye namba yako ya simu. Droo yangu sasa hivi ina flashi kumi na tisa zilizosahaulika kwenye mashine. Wenye CV ndani nilishawapigia, wakaja. Hizi zilizobaki ni muvi na singeli tupu, sijui hata nianzie wapi.