Mwanangu, kuhusu Hola

Mwanangu mpendwa,

Salamu zako zimefika, na ile picha umevaa koti jeupe nimeitundika sebuleni, baba yako atake asitake. Umeniuliza kama matabibu wa Hola, ile kambi ya kizuizini ya wakoloni Waingereza nchini Kenya, walijua kuwa watu wanapigwa.

Anza na karatasi. Tarehe 3 Machi 1959, mahabusu 85 wa Mau Mau walitolewa kwenda kuchimba mfereji wa umwagiliaji kwa lazima. Askari wakawashukia kwa marungu, na 11 wakafa. Kesho yake serikali ikatangaza kwamba walikufa baada ya kunywa maji ya gari la maji. Maji! Uchunguzi wa maiti ndio ulioumbua: michubuko kila mahali, damu imevujia ndani. Maiti haidanganyi, nimekwambia tangu utotoni. Karatasi ndiyo hudanganya.

Unamkumbuka yule sista muuguzi wetu wa zamu ya usiku? Askari walileta kijana ameshakata roho, wakataka iandikwe kwamba alianguka kwenye ngazi. Sista akasogeza taa, akamgeuza, akatoa utepe wa kupimia, akaniambia, "Andika." Alama moja baada ya nyingine, urefu na upana. Askari mmoja akamwonya kuwa anajitafutia makubwa. Akamjibu bila kuinua macho, "Basi niletee hiyo ngazi nayo niipime." Nacheka hadi leo! Mwezi uliofuata alihamishiwa zahanati ya mbali, na lile faili halikuonekana tena. Uhamisho nilishausamehe. Faili, hapana.

Sasa dresa wa Hola, yaani mfunga vidonda wa kambi, mwenye watoto, chini ya mkuu wa kambi, angeandika nini? Pengine alifunga vidonda akafunga na mdomo. Njaa ya watoto si mchezo. Lakini alama za rungu na tumbo la maji machafu vinafanana wapi? Haya, sikuwapo. Na hata hao waliopasua maiti wakasema ukweli walikuwa matabibu, tusiwasahau. Bunge la Uingereza likabishana Julai ile, na hakuna aliyeshtakiwa kwa vifo vile. Maiti haidanganyi, lakini nani alimsikiliza?

Kwa hiyo dresa simhukumu, ingawa ulimi unaniwasha. Waliotunga habari ya maji ni wengine, na hao usiniulize. Jibu langu unalijua.

Mama yako