Muulize kama maziwa yalitoka: kwa madaktari tarajali wa wodi ya wanawake

Wadogo zangu, nawapenda, lakini kwenye raundi ya majuzi nimekuta tena faili lililojaa "GBM, malaria?" (GBM: uchovu wa mwili mzima) kuanzia jalada hadi jalada. Mama wa miaka thelathini na kitu, kalazwa kwa mara ya tatu mwaka huu. Kila akija sukari iko chini, MRDT (kipimo cha haraka cha malaria) ni hasi, anapewa ALu, dawa ya malaria, "kwa usalama", dripu ya dekstrosi (sukari), kisha anaruhusiwa na FEFO, vidonge vya kuongeza damu, mkononi. Hakuna aliyemuuliza habari za uzazi wake wa mwisho. Basi tuanze upya.

1. Pituitari, tezi ndogo chini ya ubongo inayoziamuru tezi nyingine, ikipungukiwa homoni, mgonjwa analalamika mwili mzima. Uchovu, kizunguzungu akisimama, hamu ya kula imekwisha, hedhi imekata, anajifunika blanketi Dar es Salaam mwezi wa pili. Kila dalili ikiwa peke yake ina sababu kumi, kwa hiyo msizichambue mojamoja. Na nywele za kwapani zilizopotea hatakutajia. Vuta pazia, mwite nesi, omba ruhusa, tazama.

2. Historia ya uzazi si "Para 5" (amezaa mara tano) tu. Hapa nina deni.

Nilikuwa hospitali ya wilaya, nimemaliza utarajali juzijuzi, kichwa kikubwa kuliko koti. Akaletwa mama mwenye uso uliovimba, ngozi kavu, mapigo ya moyo ya polepole. Nikamuuliza, "Uzazi wako ulikuwa wa kawaida?" Akasema ndiyo. Nikaandika ndiyo. Kwake kawaida ilikuwa kutopasuliwa, na mimi sikuuliza zaidi. Vipimo vikarudi: FT4 (thairoksini, homoni ya thairoidi, tezi ya shingoni) chini, TSH (amri ya pituitari kwa thairoidi) kwenye kiwango cha kawaida. Mtu mwenye akili angeshtuka, maana thairoidi ikichoka yenyewe TSH hupanda. Mimi nikailaumu maabara, nikaanzisha levothairoksini (thairoksini ya dawa), nikajisifu chumba cha chai.

Haukupita muda mrefu akaanza kutapika, presha ikaanguka, akawa anaitika kwa shida. Nikammiminia maji, dekstrosi, antibiotiki ya seftriaksoni. Presha ikagoma. Mama mkwe wake, ambaye nilikuwa nimemtoa nje ya wodi tangu siku ya kwanza kwa sababu anaongea mno wakati wa raundi, akachungulia dirishani: "Daktari, huyu alipozaa mapacha alimwaga damu mpaka akazimia. Maziwa hayakutoka hata tone. Wale watoto tumewalea kwa maziwa ya mbuzi. Na hedhi hajaiona tena."

Daktari Sheehan alikwisha kuieleza hali hiyo mwaka 1937. Mimba huikuza pituitari, nayo hulishwa na mishipa yenye presha ndogo. Mama akivuja damu nyingi na presha ikaporomoka, sehemu ya tezi inakufa. Adrenali zake, tezi zilizo juu ya figo, zilikuwa hazipati amri, zikitoa kotisoli (homoni inayoshikilia presha na sukari) ya kujikongojea. Mimi nikampa thairoksini, ambayo huharakisha mwili kuitumia hata ile kotisoli kidogo iliyobaki. Yaani dalili zile za mwisho nilizisababisha mwenyewe. Nikampa haidrokotisoni (kotisoli ya dawa) 100 mg kwenye mshipa, dripu zikaendelea, na kesho yake akaomba uji. Mama mkwe sikumwomba radhi. Nilijidai nina wagonjwa wengi.

Sasa ulizeni hivi: Damu ilitoka nyingi? Uliongezewa? Ulizimia? Maziwa yalitoka? Hedhi ilirudi? Na mwacheni ndugu aongee, hata akianzia kwenye ugomvi wa shamba. Miaka inaweza kupita kati ya uzazi ule na kitanda hiki, mgonjwa mwenyewe haoni uhusiano wowote.

3. TSH peke yake haitoshi. Omba na FT4. Kotisoli ipimwe asubuhi. Lakini mgonjwa akiwa anazama, chukua damu, toa haidrokotisoni, majibu yatakukuta. Levothairoksini husubiri nyuma ya steroidi kama haidrokotisoni, daima.

4. Msitafute weusi wa viganja na ufizi kama wa Addison, ugonjwa wa adrenali zenyewe. Hapa ACTH (amri ya pituitari kwa adrenali) iko chini, mgonjwa hupauka, na tunamwita mwenye upungufu wa damu. Sodiamu hushuka, potasiamu mara nyingi haina neno kwa kuwa aldosteroni, homoni ya adrenali inayotunza chumvi, haitegemei sana pituitari.

5. Si waliozaa tu. Ulizeni ajali ya bodaboda iliyompiga kichwa, meninjaitisi ya TB, mionzi ya kichwani, kuumwa kichwa pamoja na kutoona pembeni. Na mkorogo! Krimu zenye klobetasoli, steroidi kali, zikipakwa mwili mzima kwa muda mrefu huilaza pituitari, na mtu akiacha ghafla anakuja hoi. Ukiuliza "unatumia mkorogo?" utajibiwa hapana kwa macho makavu. Sema, "Mama, nionyeshe unachopaka," halafu usicheke akifungua mkoba. Tarajali mmoja alicheka, na kile kikopo hatukukiona tena.

6. Kabla ya kumruhusu, mkalishe pamoja na ndugu: prednisoloni, steroidi yake ya vidonge, haikatizwi hata akijisikia mzima, dozi huongezwa akipata homa, akitapika asisubiri kupambazuke ndipo aje kuchomwa sindano. Anayefunga Ramadhani mjadiliane mapema. Andikeni hayo kwenye kadi yake kwa Kiswahili, kwa herufi zinazosomeka.