Ukihamia kijiji cha Uingereza, tafuta kamati ya kanivali

Wengi wanaoniuliza kuhusu kuhamia kijijini huku Uingereza huanza na treni. Wana haki, maana kazi nyingi ziko mjini na kodi ya nyumba London haishikiki. Kwa usafiri sina malalamiko. Naishi mkoa wa Berkshire, magharibi mwa London, kwenye kijiji kilicho kati ya Reading na Maidenhead. Kutoka Reading hadi Paddington, stesheni kuu ya London, treni ya haraka haimalizi nusu saa, na tangu Novemba 2022 reli ya Elizabeth inakufikisha Canary Wharf, mtaa wa maofisi mashariki mwa London, bila kushuka njiani kubadilisha treni. Barabara kuu ya M4 nayo iko jirani. Jihadhari na Jumapili tu, siku ambayo reli hufungwa mara kwa mara kwa matengenezo na abiria wakapandishwa mabasi. Kama una zamu Jumapili, angalia ratiba tangu Ijumaa.

Lakini wepesi huohuo wa usafiri ndio unaowafanya wenzetu wengi wakae kijijini miaka na miaka bila kufahamiana na mtu. Unatoka alfajiri, unarudi usiku. Sokoni unakwenda Reading, ibada na harusi za nyumbani ziko London. Kijiji kinabaki mahali pa kulala. Siku umeugua, au mtoto karudi shule hana ufunguo, ndipo unagundua hakuna mlango unaoweza kupiga hodi. Jambo hili linaniuma, kwa sababu sisi tumelelewa na majirani.

Usingoje waje kukukaribisha. Mwingereza wa kijijini anaogopa kukusumbua, hata akitamani kuzungumza nawe. Ila mkishika kazi pamoja, anafunguka. Na katika vijiji vingi kazi hiyo huja kila mwaka wakati wa kiangazi: kanivali.

Barabara kuu ya kijiji inafungwa, matela ya matrekta yanapita yamepambwa kwa karatasi za rangi, watoto wa shule na skauti wamekaa juu ya marobota ya nyasi kavu, bendi ya matarumbeta iko mbele, na kando wanatembea watu wenye ndoo za kukusanyia sarafu. Msafara unaishia uwanjani, kwenye chai, keki, kuvutana kamba na mashindano ya mbwa. Fedha zinakwenda kwenye paa la ukumbi wa kijiji, kwa skauti, au kwa nyumba ya kuwatunza wagonjwa wasiotarajiwa kupona. Ni harambee kamili, isipokuwa hakuna anayetangaza kwa kipaza sauti nani katoa kiasi gani.

Ushauri wangu ni huu: usiende kutazama, nenda kufanya kazi. Mikutano ya kamati huanza miezi mingi kabla, na tangazo lake hubandikwa kwenye ubao nje ya ukumbi au huchapwa kwenye jarida la kijiji. Ingia, jitambulishe, sema siku hiyo una nafasi na utafanya lolote. Kazi nzuri ya kuanzia ni kusimamia kizuizi cha barabara. Kufunga barabara kwa msafara kunahitaji kibali cha halmashauri, na sheria inayotumika mara nyingi ni ya mwaka 1847, na kwa kawaida kila kizuizi huwekwa mtu mwenye kizibao cha kung'aa. Kila anayepita atakusalimia, na wiki ijayo atakukumbuka stesheni.

Kazi ninayoipenda mimi ni tombola, mchezo wa kununua tikiti na kubahatisha zawadi. Jioni ya kuamkia kanivali tunakaa ukumbini na makasha ya vitu walivyotoa wanakijiji: maharage ya kopo, sabuni za kuogea, jemu, chupa za mvinyo. Kila kitu kinabandikwa tikiti ambayo namba yake inaishia na 0 au 5. Nyingine zote ni za kukosa, na zinakunjwa pamoja na nakala za zile za zawadi kwenye ndoo moja. Ni kazi ya mikono tu, mdomo uko huru. Nilikuwa nakata utepe wa gundi, bibi mmoja jirani anabandika, na katikati ya makopo akanieleza nani alimzika mumewe mwaka gani, daktari yupi husikiliza, na nyumba ipi ina mtu mwenye ngazi ndefu ya kuazima. Mambo hayo usingeyapata kwenye treni.

Ukipika sambusa kwa ajili ya meza ya chakula, watazigombania. Punguza pilipili, na andika kikaratasi cha viungo: ngano, maziwa, mayai, karanga na ufuta vitajwe waziwazi, kwa kuwa huku watu wenye mzio wanauliza kwa dhati. Usipige picha watoto wa wenzio bila kumwomba mzazi, wala usimbebe mtoto usiyemjua, hata akilia; mwite msimamizi. Na chukua koti la mvua. Mvua kidogo haiahirishi kitu, wataendelea kuuza keki chini ya turubai.

Msafara ukiisha, baki. Wanaokunja meza na kuokota takataka ni wachache, na hao ndio wanaokiendesha kijiji mwaka mzima. Baada ya wiki chache kuna mkutano wa kuhesabu fedha na kupanga mwaka ujao, kwa hiyo mwombe katibu akuingize kwenye orodha ya barua pepe kabla hujaondoka uwanjani.