Gasketi imeungua tena baada ya miezi mitatu, nimwage dawa?

SWALI: Fundi habari. Gari langu lilichemsha nikaambiwa hedi gasketi imeungua, ikabadilishwa. Sasa ni miezi mitatu, maji yanapungua tena na sioni yanavujia wapi, asubuhi nikiwasha linatoa moshi mweupe na kutetemeka kidogo, baadaye linatulia. Fundi wangu anasema gasketi ilikuwa feki tununue nyingine, rafiki ananiambia nimwage ile dawa ya kuziba kwenye rejeta. Nifanye lipi?

JIBU: Usifanye hata moja. Huko kutetemeka asubuhi ni maji yanayopenya usiku kuingia kwenye silinda, kwa hiyo kwamba kuna mahali pamefunguka sibishani na fundi wako. Ninachobisha ni hiyo habari ya feki. Feki zipo, ndio, lakini gasketi ikiungua tena mimi nauliza kitu kimoja tu, hedi (kile kipande cha juu cha injini, gasketi inakaa chini yake) ilipimwa? Sio kuangaliwa, kupimwa! Hedi nyingi ni za aluminiamu, gari likichemsha sana mara moja tu inaweza kupinda na kwa jicho huoni kitu, inang'aa kama mpya. Unalaza rula ya chuma iliyonyooka juu ya uso wa hedi, kwa urefu, kwa upana, pembe hadi pembe, halafu unajaribu kupitisha feela geji, vile vibamba vyembamba vya kupimia nafasi, chini yake. Injini nyingi kikomo ni 0.05 hadi 0.1 mm, yaani hata unene wa karatasi ni mwingi. Ikizidi hapo inapelekwa mashine kusawazishwa, na kabla ya hapo ipimwe presha kama ina ufa, maana hedi yenye ufa utaibadilishia gasketi mpaka uchoke.

Wengi wanachofanya ni kusugua kwa msasa, wanapaka silikoni pande zote (silikoni, jamani, kwenye hedi!), wanakaza bolti zilezile za zamani kwa nguvu za mkono. Bolti za injini nyingi za sasa zinavutika zikikazwa, ni za kutumia mara moja, na zinakazwa kwa toki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza) kuanzia katikati kwenda nje, kwa awamu.

Na hakuna aliyekuambia kwa nini lilichemsha mwanzo. Feni, wota pampu, mfuniko wa rejeta, kuna kimoja hakijaguswa. Gasketi haikuungua yenyewe.

Dawa sasa. Ile haichagui tundu, inaganda popote penye njia nyembamba na njia nyembamba zimejaa ndani ya rejeta. Nimeshafungua rejeta iliyomwagiwa, mirija zaidi ya nusu imejaa tope gumu la kijivu, sasa hapo gari litaacha vipi kuchemsha? Ni sawa na wale wanaokutolea thamostati (vali inayofungulia maji injini ikipata moto) eti maji yapite haraka, injini nyingine ukiitoa maji mengi yanazunguka kwa njia ya mkato bila kufika kwenye rejeta.

Rudi kwa fundi, mwambie akiweka rula juu ya hedi akuite uone. Na kabla hujaliwasha kumpelekea chomoa stiki ya oili, ukikuta imekuwa kama chai ya maziwa usiwashe, livutwe, beringi haziishi kwenye oili yenye maji na injini ikinoki, yaani ikianza kugonga kwa ndani, hayo ya gasketi utayasahau.